MTOTO ALIYEZALIWA MAMA AKIWA SAFARINI



Hutokea kwamba mama aliyehamia Marekani, na akapata kadi ya ukaazi wa kudumu, anarudi Kigoma kuwaona wazazi wake kambini na kujifungua hukohuko. Ndugu huuliza: je, mtoto aombewe viza?

Sheria ya uhamiaji ya Marekani haidai viza, ikiwa masharti haya yote yametimia:

1. Mama ni mkaazi wa kudumu, na safari yake ni ya muda tu.
2. Mtoto hajatimiza miaka 2 anapofika.
3. Mtoto anaandamana na mama katika kurudi kwake kwa mara ya kwanza tangu amzae.
4. Mama bado anakubaliwa kama mkaazi. Akikaa nje mwaka 1 au zaidi, kadi peke yake haitoshi; kibali cha kurudi huombwa kabla ya kutoka Marekani.

Sharti la tatu liangaliwe sana. Mama akitangulia kurudi kazini na kumwacha mtoto kwa bibi, nafuu hiyo imekwisha. Itabidi ajaze fomu I-130 na kungoja viza, na kungoja huko si kwa siku chache.

Akina mama, andikisheni kuzaliwa ndani ya siku 90 ili cheti kitoke mapema. Msimwandikishe mtoto kwa jina la bibi au shangazi kwa ajili ya posho. Cheti ndicho kitakachoonyesha kuwa mtoto ni wako.

Kabla ya kukata tiketi, ulizeni ubalozi na shirika la ndege hati zinazotakiwa kwa mtoto.