Je, wajua? Pampu ya oili haitengenezi presha

Injini ya Mitsubishi iitwayo 4G63 ina heshima yake. Silinda nne, sisi 1,997, bloku ya chuma isiyoogopa kupigwa presha ya turbo. Ndiyo iliyokuwa chini ya boneti ya Lancer Evolution wakati Tommi Mäkinen aliposhinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1996, na tena mwaka 2001. Wapenzi wa magari hawaiachi ilivyotoka kiwandani. Hufunga turbo kubwa zaidi, hubadilisha pistoni, na wengi hutoa kabisa shafti zake mbili za mizani. Baada ya kazi hiyo ya mwisho, gari huwashwa, taa nyekundu ya oili inagoma kuzimika, na lawama zote huiangukia pampu.

Shafti hizo zina kazi ya maana. Katika injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, pistoni mbili hupanda huku mbili zikishuka, lakini hazilingani mwendo: iliyo karibu na juu hubadilisha kasi kwa ukali kuliko iliyo chini. Tofauti hiyo huitikisa injini mara mbili kwa kila mzunguko wa krankshafti. Mwingereza Frederick Lanchester alipata dawa yake mwanzoni mwa karne ya 20: shafti mbili zenye uzito upande mmoja, zizunguke kinyume kwa kinyume, kwa kasi maradufu ya krankshafti. Miaka ya 1970 Mitsubishi waliiboresha, na Porsche wakanunua leseni kwao.

Kwenye 4G63 shafti moja huendeshwa na gia ya pampu ya oili yenyewe, na nyingine huendeshwa na mkanda mdogo uliojificha karibu na mkanda wa taimingi. Mkanda huo mdogo ukikatika, vipande vyake huweza kunaswa na mkanda mkubwa, taimingi ikaruka, valvu zikagongana na pistoni. Kwa hiyo anayezitoa shafti hizi hana wazimu. Anakubali mtikisiko ili aepuke hasara kubwa zaidi.

Tatizo ni kile kinachobaki. Kila shafti ilikuwa imekalia beringi zake, na beringi hizo zililetewa oili kupitia matundu yaliyotobolewa ndani ya bloku. Shafti ilipokuwepo, oili ilipenya kwa shida katika mwanya mwembamba kuizunguka. Shafti ikiondoka, tundu linabaki wazi na oili inamwagika moja kwa moja kurudi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini.

Na hapa ndipo penye siri ya pampu. Meno yake yanapozunguka husukuma kiasi fulani cha oili kila mzunguko, basi. Presha huzaliwa pale oili hiyo inapokutana na njia nyembamba na kulazimika kujibana. Ni kama nyumba yenye bomba moja la maji: wa chini wakifungua koki zote, wa ghorofani anaoga kwa matone, ingawa maji yanayoingia nyumbani hayajapungua hata kidogo. Mwanya wa beringi ya krankshafti ni wa sehemu chache tu za mia za milimita, na hesabu yake ni kali: mwanya ukiongezeka mara mbili, oili inayovuja huongezeka mara nane hivi. Sasa fikiria tundu lisilo na shafti kabisa.

Presha hiyo inahitajika kwa nini hasa? Si kuinua krankshafti, kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1883 mhandisi Beauchamp Tower alikuwa akipima beringi za magari ya reli kwa niaba ya chama cha wahandisi mitambo cha Uingereza. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili, na shafti ilipozunguka oili ikapanda kutoka tunduni. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akapigilia kipande cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, ilivuka pauni 200 kwa inchi ya mraba, takribani bar 14, wakati uzito uliokalia beringi ulikuwa wastani wa pauni 100 tu. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu kilichotokea: shafti inayozunguka huivuta oili katika mwanya unaozidi kubana, ikajitengenezea utando wa kuelea juu yake. Kazi ya pampu ni kuhakikisha utando huo haukauki. Ukikauka, chuma hugusa chuma, na beringi huharibika ndani ya muda mfupi sana.

Kwa hiyo taa ikiwaka, zima injini papo hapo. Usiipandishe moto kidogo "tuone." Kwanza tazama kipimo cha oili, kisha toa swichi ya oili na ufunge geji ya kweli mahali pake, kwa sababu swichi mbovu imewahi kufanya injini isiyo na kosa ifunguliwe bure. Toa plagi, piga starta. Geji ikikaa sifuri kabisa, shuku upande wa kunyonya: pampu iliyofungwa ikiwa kavu hushindwa kuvuta, na gasketi mbovu ya bomba la kunyonyea huruhusu hewa badala ya oili. Iwapo sampu pia ilibadilishwa, pima umbali kati ya sakafu yake na mdomo wa bomba hilo. Ukigusana hauvuti, ukiwa juu mno unanyonya hewa kwenye kona.

Geji ikipanda kidogo na kulegea oili inapopata moto, tafuta uvujaji wa ndani. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kushusha sampu, kisha kusukuma oili kwa tangi dogo na hewa ya kompresa kupitia tundu la swichi, ukiwa chini na tochi. Beringi nzima hudondosha matone. Tundu la shafti iliyotolewa humwaga mchirizi usiokatika, na huna haja ya kumuuliza mtu.

Dawa yake ni beringi za shafti hizo kurudishwa zikiwa zimegeuzwa, ili tundu lake lisikutane na tundu la bloku. Kununua pampu kubwa zaidi ni kulisha uvujaji. Tena matundu yakizibwa sawasawa, presha ya 4G63 huweza kupita kiasi, maana pampu ile ilipimwa kulisha na shafti ambazo hazipo tena. Ndiyo maana mafundi wa injini hii hupanua njia ya valvu ya kupunguza presha, iliyo kwenye kikalio cha filta ya oili, kabla sili za turbo hazijaanza kuvujisha oili na kutoa moshi wa bluu.