Wanawake wa Lelemama Walivyoijaza TANU (Sehemu ya Tatu)

Habari za vyama vya siasa kuandikisha wanachama kwa kadi za kielektroniki zimenirudisha kwenye jambo nisilochoka kulieleza: jinsi TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilivyopata wanachama wake. Habari za TAA, chama kilichoitangulia TANU, na za kuzaliwa kwa TANU tulizimaliza katika sehemu mbili zilizopita. Leo ni zamu ya wanawake.

Mwaka 1955 John Hatch, wa chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam akawauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Swali liliwabana. Schneider Plantan, mwanachama wa TANU, akampendekeza Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa Bomba, kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake.

Bibi Titi aliwaendea kwanza viongozi wa ngoma wenzake: Egyptian, Al-Watan, Good Luck na wengineo. Vikundi hivyo vilikuwa na vyeo, sare na michango, na wanachama wake walifaana harusini na msibani. Asiyeonekana kwenye shughuli ya mwenzake aliulizwa siku hiyo hiyo. Kiongozi akishakubali, kundi zima linaitika. Kufikia Oktoba mwaka huo wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga. Tena wengi walikuwa na senti zao wenyewe, za vitumbua, maandazi na pombe, wakalipia kadi bila kumwomba mtu. Waraka wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wake kuingia siasa, kwa hiyo palikuwa na nyumba ambamo karani alikaa kimya na mkewe akabeba kadi.

Linaniuma kwamba maelfu wanapita kila siku Barabara ya Bibi Titi Mohamed jijini Dar es Salaam na hawayajui haya. Tumewasifu mno walioandika katiba ya chama, tukawasahau waliojaza viwanja vya mikutano. Huo ni utovu wa shukrani.

Njia ya Bibi Titi ingetufaa hata leo. Huku kwetu Mbezi Beach kila masika tunalalamikia mifereji, na mkutano wa mtaa ukiitishwa viti vinabaki vitupu. Kuta ni ndefu. Jirani humjui jina. Lakini akina mama wa vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, hapa Tangi Bovu hukutana kila wiki, na anayechelewa hulipa faini. Mwenyekiti wa mtaa awafuate hao kwanza, kwenye kikao chao na siku yao, awasikilize, ndipo abandike tangazo la mkutano wa mifereji.