Simu ni nzima, mbona waambiwa imezeeka?

JE, msomaji, kuna simu iliyolala kwenye droo ya kabati lako huko Umoja, Kayole au Buruburu? Kioo hakijapasuka na betri bado inashika chaji, lakini WhatsApp imegoma. Mnamo Oktoba 2023 huduma hiyo iliziacha simu zenye Android iliyo chini ya 5.0. Fundi atakuambia ununue nyingine. Usiharakishe kumwitikia.

Kilichozeeka ni programu zilizomo, si chombo chenyewe. Samsung Galaxy S III, iliyotoka 2012, iliachwa na waundaji wake ikiwa na Android 4.3. Mradi wa Replicant, ulioanzishwa 2010, uliipatia mfumo uliotokana na Android 6.0. Kazi ya mradi huo ni kung'oa vipande vya programu ambavyo kampuni huvifungia, na kuweka mahali pake programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kusoma jinsi zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kuzigawa.

Vipande hivyo ndivyo vyenye utata. Sehemu kubwa ya Android iko wazi, lakini programu zinazoendesha modemu, kamera na Wi-Fi aghalabu ni siri. Mwaka wa 2014 Replicant ilitangaza kwamba katika simu kadhaa za Galaxy, modemu ingeweza kusoma, kuandika na kufuta faili za mwenye simu. Kuna wataalamu waliosema hatari hiyo ilitiwa chumvi. Sawa, lakini mnunuzi alikuwa ameelezwa?

Hata hivyo, usimkabidhi kijana wako wa chuo simu unayoitegemea kila siku. Penye Replicant, Wi-Fi ya ndani kwa kawaida haifanyi kazi, maana programu huria ya kuiendesha haipo. LineageOS, iliyoanza Desemba 2016, huviacha baadhi ya vipande vya siri ili mambo yaende. Mimi naiona ndiyo nafuu kwa mwanafunzi, ingawa simu nyingi za Tecno na Infinix, zilizojaa mitaani kwetu, hazimo katika orodha yake.

Simu ya mkopo usiiguse kamwe kabla ya kumaliza kulipa. Kazi hii hufuta picha na nambari zilizohifadhiwa ndani, basi zinakili kwanza. Programu za benki huenda zikakataa kufunguka. Kuhusu M-Pesa, usiwe na wasiwasi: *334# hufanya kazi hata kwenye mulika mwizi.