Je, Wajua? Ngeli Ndani ya Rekodi za Wagonjwa

Je, wajua kwamba KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumiwa katika vituo vya afya vya kaunti za Homa Bay na Migori, umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuandikwa kwa Java, lugha ambayo aina ya kila kigeu, yaani kama kinabeba namba, tarehe au maandishi, hujulikana kabla programu haijaendeshwa? Mfano wa karibu ni ngeli: kama sarufi inavyokataa “kiti umevunjika”, ndivyo kompaila, programu inayotafsiri msimbo na kuukagua, inavyokataa tarehe iwekwe mahali pa namba.

Ulinzi huo, hata hivyo, haufiki kwenye skrini. Mhudumu anapobonyeza kitufe, kitendo hicho huitwa tukio, nacho huamsha kipande cha msimbo kilichokuwa kikikisubiri, ambacho ndani ya kivinjari huendeshwa kama JavaScript, lugha isiyokagua aina mapema. Humo namba iliyochapwa hupokewa kama maandishi, hivyo 6 na 5 zikijumlishwa bila kugeuzwa kwanza hutoa 65, kosa la hatari pale kipimo cha dawa ya mtoto kinapokadiriwa kwa kilo zake. Tena, na hili lastahili kusisitizwa, hata Java yenyewe haitambui urefu ulioingizwa mahali pa uzito iwapo vyote viwili vimetangazwa kuwa desimali tu, mpaka mwandishi wa programu aunde aina mahususi kwa kila kipimo.