Namba Tasa, Mhadhiri Asiyejulikana na PIN Yako

Hebu jaribu hesabu hii: 53 mara 61 ni ngapi? Ukichukua kikokotoo cha simu, jibu linakuja mara moja: 3,233. Sasa tugeuze swali. Ukipewa 3,233 pekee, utajuaje kwamba imetokana na 53 na 61? Hapo utakaa kidogo.

Namba 53 na 61 ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kuna watu wanaochunguza namba hizi maisha yao yote. Mmoja wao ni Yitang Zhang.

Safari ndefu

Zhang alizaliwa China mwaka 1955. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni alipelekwa mashambani kufanya kazi na mama yake, akakosa shule ya sekondari. Hakukata tamaa. Mwaka 1978 aliingia Chuo Kikuu cha Peking, na mwaka 1991 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani.

Kazi ya chuoni, lakini, hakupata. Kwa miaka kadhaa alifanya vibarua, pamoja na kushika hesabu za mkahawa wa sandwichi. Mwaka 1999 ndipo alipopata nafasi ya kufundisha Chuo Kikuu cha New Hampshire. Alikuwa mhadhiri wa kawaida tu, na wenzake wengi katika hisabati hawakumjua.

Alichogundua

Kadiri unavyohesabu kwenda juu, namba tasa zinaadimika. Kati ya 1 na 100 ziko 25. Kati ya 1,000,000 na 1,000,100 ziko 6 pekee. Lakini hata huko mbali unakuta 1,000,037 na 1,000,039 zimekaa karibu, kama 11 na 13. Je, jozi kama hizi zinaendelea bila mwisho? Hadi leo hakuna aliyethibitisha.

Julai 2012, Zhang akiwa nyumbani kwa rafiki huko Colorado, alitoka uani kuangalia kama kulungu wamekuja. Kulungu hakuwaona, lakini wazo alilokuwa akilitafuta likamjia. Mwaka 2013 alithibitisha kwamba kuna jozi zisizo na mwisho za namba tasa zinazopishana kwa chini ya milioni 70. Milioni 70 ni pengo kubwa, sawa, lakini kabla yake hakuna aliyekuwa ameonyesha kikomo chochote. Mwaka uliofuata, wanahisabati wengine walikuwa wameshalipunguza pengo hilo hadi 246. Zhang, akikaribia miaka 60, akawa profesa.

Hii inakuhusu vipi?

Utafiti wa Zhang wenyewe haulindi simu yako. Lakini namba tasa zinasaidia kuilinda. Mwaka 1977, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT walitengeneza kufuli la siri linalotegemea lile swali letu la mwanzo: kuzidisha ni rahisi, kurudi nyuma ni kazi. Badala ya 3,233, kufuli la leo linaweza kutumia namba yenye tarakimu zaidi ya 600. Njia hii inatumika sana kulinda mawasiliano ya app na tovuti, zikiwemo za malipo.

Ndio maana tapeli hasumbuki na hesabu. Kufuli lenyewe halimudu, kwa hivyo anakupigia wewe mwenye ufunguo. Anakwambia ametuma pesa kimakosa, au umeshinda zawadi, kisha anaomba PIN. Ukimpa, zile tarakimu 600 hazina kazi tena.

Kwa hivyo, mteja wetu:

- Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anatoka kwetu.
- Usitumie mwaka wa kuzaliwa wala 1234.
- Ukipata SMS ya pesa usizozitarajia, angalia salio lako kwanza kabla ya kurudisha chochote.
- Ukiharakishwa, kata simu. Halafu piga huduma kwa wateja wewe mwenyewe.

Zhang alingoja miaka mingi kupata jibu lake. Wewe ngoja dakika moja tu kabla ya kubonyeza "Tuma".