Ugeni, Utumishi na Uongozi: Jumuiya za Wanafunzi Walio Mbali na Kwao, kutoka Makambako hadi Makerere

Mwanafunzi wa Njombe au Ludewa anayesafiri kwenda chuo kikuu kwa kawaida hupita Makambako. Hapo barabara ya Songea hukutana na barabara kuu iendayo Dar es Salaam upande mmoja na Mbeya hadi Zambia upande wa pili, na hapo pia kuna stesheni ya reli ya TAZARA. Salamu ya “kamwene”, ambayo Wabena na Wahehe huielewa, humsindikiza hadi Iringa, kisha humwacha. Kwa hiyo ugeni haumngojei mpakani mwa nchi. Unamkuta akiwa bado ndani ya Tanzania, naye hutafuta watu wa kwao kabla hajazoea hata njia ya kwenda bwaloni.

Makala haya yanajadili jinsi ya kuupima utumishi wa mwanafunzi anayeongoza jumuiya ya wenzake akiwa nchi ya kigeni. Kigezo kilichozoeleka ni umri wa jumuiya: iliishi miaka mingapi, ilikuwa na wanachama wangapi. Hoja ya makala haya ni kwamba kigezo hicho hakitoshi, na kwamba mfano ulio bora zaidi katika historia yetu ni wa chama kilichodumu muda mfupi sana.

Inafaa kwanza kukumbuka kwamba kukusanyika ugenini hakukuanzia vyuoni. Njombe ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotoa manamba wengi waliokwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko, hasa baada ya wenye mashamba kuunda SILABU, ofisi yao ya kuajiri vibarua, mwaka 1944. Katika kambi za mkonge watu wa kwao mmoja walitafutana ili wauguzane, wazikane na kupelekeana habari nyumbani. Vyama vya wanafunzi wa mkoa mmoja tunavyoviona vyuoni leo, vyenye michango ya msiba na sherehe za kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza, vinafuata desturi hiyo hiyo, ingawa katiba zao zimepigwa chapa na kugongwa mihuri.

Julius Nyerere aliingia Makerere, Kampala, mwaka 1943 na kumaliza stashahada ya ualimu mwaka 1945. Wakati huo hakuna aliyemwita mwanafunzi wa kimataifa. Hata hivyo, Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na Uganda ilikuwa nchi ya himaya, kila moja na serikali yake. Watanganyika chuoni walikuwa wachache, na mji uliowazunguka ulizungumza Kiganda. Akiwa pamoja na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, Nyerere alianzisha Tanganyika African Welfare Association, yaani chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika, kilichojulikana kwa kifupi kama TAWA. Lengo lake la kwanza halikuwa kubwa: kuwasaidia wanafunzi wachache wa Tanganyika waliokuwa pale.

Muundo wa waanzilishi wenyewe unastahili kuangaliwa. Nyerere alikuwa Mzanaki wa Butiama, Tibandebage alitoka Bukoba, na Mwapachu alikuwa Mwislamu kutoka Tanga. Nyumbani, watatu hao wasingekuwa wanachama wa chama kimoja cha kikabila. Ugeni wa Kampala ndio uliowafanya waonekane, na wajione, kuwa watu wa mahali pamoja, na Kiswahili kikawa mali yao ya pamoja. Utamaduni wa jumuiya hiyo, kwa maoni ya mwandishi, haukubebwa kutoka nyumbani ukiwa umekamilika. Sehemu yake kubwa ilitengenezwa huko huko.

Jambo lililofuata ndilo kiini cha hoja. Nyumbani tayari kulikuwa na Chama cha Waafrika, African Association, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambacho baadaye kilifahamika kama TAA. Tawi lake la Makerere lilikuwa limezorota. Waanzilishi wa TAWA wangeweza kuendelea na chama chao wenyewe, pamoja na vyeo vyao. Badala yake waliiacha TAWA ife na kulifufua tawi la TAA. Kufikia mwaka 1947 tawi hilo nalo lilikuwa limesimama tena. Kwa kigezo cha umri, basi, uongozi huo ulishindwa mara mbili.

Lakini tuwafuate watu, si vyama. Nyerere alipotoka Makerere alifundisha Tabora katika shule ya St. Mary's, na Tibandebage alikuwa mwalimu huko pia. Tabora haikuwa kwao wote wawili. Walijiunga na tawi la TAA la mji huo. Nyerere alihudhuria mkutano wa chama Dar es Salaam mwezi Aprili 1946, ambako TAA ilitamka rasmi kwamba inaunga mkono uhuru, na yeye na Tibandebage wakafanya kazi ya kuiandika upya katiba ya chama. Nyerere alifungua pia duka la ushirika lililouza vitu vya lazima kama sukari na sabuni. Duka hilo hutajwa kwa nadra katika masimulizi ya safari iliyomfikisha kwenye urais wa TAA mwaka 1953 na kuundwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Mwandishi analiona kuwa ushahidi mzito: huo ni ustawi ule ule wa Makerere, safari hii kwa watu ambao hawakuwa wa kwao.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye mambo yaligeuka upande. Yoweri Museveni, mwanafunzi kutoka Uganda, alifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967 na kuwa mwenyekiti wa USARF, umoja wa wanafunzi wa mrengo wa kimapinduzi. Umoja huu haukuwa wa watu wa nchi moja. Ulikuwa na Watanzania na wageni kutoka nchi kadhaa, na mhadhiri Walter Rodney wa Guyana alikuwa karibu nao. Novemba 1968 wanachama wake waliizuia siku ya wanafunzi kuvaa matambara na kuomba fedha za hisani mitaani, wakidai ni kuwadhihaki maskini. Jarida lao, Cheche, lilipigwa marufuku pamoja na umoja wenyewe mwaka 1970. Tofauti na TAWA, hapa mgeni aliwaongoza wenyeji, na jumuiya ilifungwa na dola badala ya kuachwa na viongozi wake. Kufanana kwake ni kwamba aliyeongoza hakuuliza mwanachama ametoka wapi.

Swali hilo la kutoka wapi ndilo linalozisumbua jumuiya za wanafunzi wa Njombe. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Iringa, kwa hiyo mwanafunzi aliyeanza shule ya msingi akiwa mtu wa Iringa amefika chuoni akiwa mtu wa Njombe, bila kuhama nyumba. Makambako ni mji wa njia panda: Wabena wapo, Wakinga wenye maduka wapo, na wapo waliofika na barabara au reli wakabaki. Mtoto wa mfanyabiashara Mkinga aliyezaliwa Makambako, wazazi wake wakiwa wa Makete, anapojaza fomu ya kujiunga na umoja wa wanafunzi hukuta nafasi moja tu ya kuandika kwao, na kamati ikutanapo hulazimika kuamua kama fomu hiyo ipokewe au irudishwe.