Mateka Anapomtetea Mtekaji

Agosti 23, 1973, Jan-Erik Olsson aliingia na bunduki katika benki ya Kreditbanken, katikati ya Stockholm nchini Uswidi. Wafanyakazi wanne wakawa mateka wake kwa siku sita. Alidai aletewe mfungwa mwenzake wa zamani, Clark Olofsson, na serikali ikampelekea. Polisi walipowatoa kwa gesi ya machozi, mateka waliagana na majambazi hao kwa kukumbatiana.

Watu walishangaa. Lakini yatazame yaliyotokea mle ndani. Mateka mmoja aliambiwa atapigwa risasi mguuni ili polisi waone kwamba hakuna mzaha. Baadaye alieleza kuwa moyoni alimwona Olsson mwema, kwa kuwa alitaja mguu tu. Mwingine, aliyeshindwa kuvumilia kufungiwa, aliruhusiwa kutembea nje ya chumba cha fedha akiwa na kamba shingoni, naye akaona ni hisani. Uhai wako ukiwa mkononi mwa mtu, kila ubaya asioutenda huonekana fadhila.

Asiyeweza kukimbia wala kupigana hubakiwa na kazi moja: kumsoma mtekaji. Sauti yake ikoje? Amekula? Amelala? Kumchunguza mtu hivyo usiku na mchana ni kumjua, na anayejuana nawe si rahisi akuue. Olsson mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzoeana kulimzuia kuwaua. Kujifanya tu hakutoshi, maana mtekaji naye anakusoma. Hivyo moyo hufuata kile ambacho uso umeanza kukionyesha. Mke anayepigwa leo na kubembelezwa kesho huingia katika fundo hilohilo, nasi nje tunauliza mbona haondoki.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Kristin Enmark, mmoja wa mateka, alimpigia simu Waziri Mkuu Olof Palme akiomba waachwe waondoke na majambazi, kwa sababu aliogopa polisi wangevamia na wao wafe. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: polisi walikuwa na silaha, na subira yao ilikuwa ikipungua. Nils Bejerot, daktari wa akili aliyewashauri polisi hao, ndiye aliyeipa hali hii jina, lililokuja kujulikana kama sindromu ya Stockholm, bila kuzungumza na Enmark. Naliona hilo kuwa dhuluma: mwanamke aliikosoa kazi ya polisi, ukosoaji wake ukageuzwa dalili ya maradhi. Hadi leo, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili hauitambui sindromu hiyo.

Natascha Kampusch wa Austria alitekwa mwaka 1998 akiwa na miaka 10, akatoroka mwaka 2006. Siku hiyohiyo mtekaji alijiua, na Kampusch akamlilia. Jina la Stockholm amelikataa waziwazi: kwake, kumkaribia mtu pekee aliyekuwapo kulikuwa njia ya kuishi, na asingependa mgeni yeyote amwambie kwamba hakujua alichokuwa akikifanya.